Zawadi Kigoma: maswali ninayoulizwa dukani kuhusu kutoa, kupokea na kukataa

Nina kiduka karibu na stesheni ya Kigoma. Nauza dagaa, mawese, migebuka mikavu (samaki wa ziwani huku), na asali inayonijia kutoka Tabora nilikozaliwa. Wateja wangu wengi hawanunui wale wao, wanapeleka kwa mtu. Kwa hiyo tukishamaliza bei huja swali: "Mama, hiki kinamfaa mkwe?" "Wakinipa kuku nifanyeje?" Nimeolewa kwa Waha wa Kasulu na nimekosea mengi kabla sijajua. Majibu nimeyaandika hapa, maswali nimeyaacha kama yanavyoulizwa.

## Ya mwanzo

Naenda kumsalimia mtu nyumbani kwake. Ni lazima nibebe kitu?

Kama ni jirani unayepita kwake kila siku, hapana. Anayeingia kila jioni na kilo ya sukari ataanza kuulizwa anatafuta nini. Lakini ukienda mara ya kwanza, ukienda kumwona mgonjwa au mzee, ukienda kulala, au ukiwa umetoka safari, mkono mtupu utaonekana hata kama hakuna atakayeutaja. Watoto wa nyumba wataitazama mikono yako kabla ya uso.

Msafiri ana deni lake la pekee. Mtu amekwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, akarudi bila hata mkate? Ataulizwa kama huko maduka yalikuwa yamefungwa. Ni utani, lakini umebeba kitu ndani.

Nibebe nini basi?

Kitu kinachokwisha. Sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, mafuta ya kupikia, na mikate kama unatoka mjini kwenda kijijini. Wageni, hasa walimu na manesi waliohamishiwa huku karibuni, huona vitu hivi ni vya kinyonge, wakaenda kununua seti ya glasi. Glasi zitafungiwa kabatini na zitatolewa siku ukija wewe. Sukari itakorogwa kesho asubuhi, na jina lako litatajwa kwenye chai.

Halafu angalia unakokwenda. Kasulu na Buhigwe wanalima maharage na wana ndizi, kwa hiyo huko samaki wa ziwani ndiye mgeni. Anayekwenda Uvinza asibebe chumvi, wanaichemsha wenyewe tangu kabla Mjerumani hajafika. Na mtu wa Kigoma mjini usimletee dagaa. Atakuonea huruma.

Nakabidhi lini, na kwa mkono gani?

Salamu kwanza. Ukikabidhi mlangoni, utadhaniwa umetumwa mzigo na mtu mwingine. Ingia, kaa, salimianeni mpaka salamu ziishe zenyewe (kwa Waha haziishi upesi, na ukijaribu "mwakeye" asubuhi utachekwa kwa furaha), ulizwa habari za safari, ndipo useme: "Mama, nimekuja na kitu kidogo cha watoto." Hata likiwa gunia la mchele, ni kitu kidogo. Cha jikoni mpe mama wa nyumba. Pesa nyingi hutolewa wakati wa kuaga, tena pembeni.

Mikono iwe miwili, au wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko chake. Wa kushoto peke yake usiutumie hata kama wa kulia umebeba mtoto. Mweke mtoto chini kwanza. Mwanamke mbele ya mzee hupiga goti, mwanaume huinama kidogo. Mzee wa Kiha akipokea anaweza kupiga makofi ya polepole, kiganja kwa kiganja, kabla hajasema neno. Hapo nyamaza. Vijana wengi huharibu wakati huo kwa kuanza kueleza wamenunua wapi na foleni ilikuwaje.

Nikipewa mimi, nifungue hapo hapo?

Hapana, mpaka mtoaji mwenyewe akuambie. Ukifungua mbele yake, macho yako yatasema kabla ya mdomo. Pokea, shukuru, mpe mtu apeleke ndani. Kinachotoka nje ya kanuni hii ni kitu cha kuharibika: samaki mbichi, maziwa, nyama. Hivyo uliza palepale, "Mama, hiki kinahitaji moto leo?" Kwenye sendofu na kicheni pati zawadi hutangazwa kwa kipaza sauti, lakini huko ni shughuli, si nyumbani.

Bei haiulizwi. Wala usiseme "Ya nini kujisumbua?" zaidi ya mara moja. Ukiisema mara tatu mtu ataanza kuamini kweli amejisumbua bure.

Jirani ameniletea chakula kwenye bakuli lake. Nirudishe lini, na nirudishe na nini?

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Wiki ya pili ya ndoa yangu, wifi alinitumia bakuli la maharage mabichi, yale ya msimu, laini. Mama yangu Tabora alinilea na sheria moja: chombo hakirudi kitupu. Basi nikamenya maharage upesi, nikaosha bakuli, nikalijaza mchele hadi juu, na kabla jua halijazama mtoto alikuwa ameshalirudisha. Nilijiona mwanamke. Kesho yake nikasikia wifi amemwambia mama mkwe neno moja tu: "Amenilipa."

Ilinichukua muda kuelewa. Chombo kisirudi kitupu, sawa, lakini kinatakiwa kilale kwanza. Kikae kwako siku mbili tatu, hata wiki. Kikirudi, kirudi na kitu kidogo kuliko ulicholetewa, au cha namna nyingine kabisa, ili mizani isisimame. Ukirudisha sawasawa, tena siku ileile, umefunga hesabu. Hesabu zinafungwa na wateja. Majirani wanaziacha wazi.

Ukikosa cha kuweka, maembe mawili yanatosha, au malimao, au chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Usipokuwa na kitu kabisa, lioshe bakuli, ulipeleke mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, ukae kidogo. Miguu yako itajaza chombo.

Madumu na makopo yana utata wake. Dumu jekundu la lita 5 lililoletwa na mawese lina thamani kwa mtu anayeuza mafuta, kopo la rangi halina. Uliza bila aibu: "Hiki kinarudi?"

Nifunge kwenye nini? Mifuko si imekatazwa?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ni kweli tulihangaika miezi ya mwanzo. Mfuko mbadala unatosha. Kwa mzee napendelea kikapu cha ukindu au ndoo yenye kifuniko, kwa sababu hicho nacho kinabaki kuwa zawadi. Ila sema waziwazi kwamba ni chake, la sivyo ataanza kuhangaika na swali lililotangulia.

## Dagaa, mawese na asali

Dagaa wa kupeleka kwa watu wa heshima nawachagua vipi?

Usiangalie gunia kwa juu. Ingiza mkono katikati, toa kiganja kimoja, vunja dagaa mmoja. Aliyekauka anakatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji na atakuletea fedheha ndani ya boksi. Kisha tafuna mmoja. Waliokaushwa chini mchangani utausikia mchanga kwenye meno, waliokaushwa juu ya vichanja ni safi na wanabaki na rangi ya fedha. Bei haifanani na haipaswi kufanana.

Wavuvi wanawavua usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hapo ndipo simu kutoka Dar zilipozidi: "Dada, hujatutumia dagaa siku hizi!" Zawadi haiagizwi. Unayetaka dagaa tuma hela, tukuhudumie kama mteja, na huo ni uungwana pia.

Mawese yanafaa kumpa mtu asiyetoka huku?

Muulize kwanza kama anayala. Wapo watakaoyapokea kwa mikono miwili na kuyagawa kesho yake, kwa sababu hawajazoea harufu. Kwa mtu wa namna hiyo chupa moja inatosha, na umweleze kwamba yanapendana na dagaa na ugali wa muhogo kuliko wali.

Dumu lifungwe kwa nailoni chini ya kifuniko, lisafiri likiwa wima, na lisiwekwe karibu na nguo za mtu. Doa la mawese halisameheki. Ukipeleka nyanda za baridi mwambie mapema kwamba yataganda. Hayajaharibika, ayaweke juani.

Nataka kumpelekea asali mama aliyejifungua. Ni sawa?

Kwa mama ni sawa, na ni zawadi nzuri. Kwa mtoto, hapana. Asilambishwe asali mpaka atimize mwaka 1, hata iwe safi namna gani, hata iwe ya Sikonge, kwetu Tabora, kutoka mzingani moja kwa moja. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru, lakini tumboni mwa mtoto mchanga vinatengeneza sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Ugonjwa wenyewe unaitwa botulizimu. Nalisema hili kwa kurefusha kwa sababu bibi zetu hupenda kumlambisha mtoto kwa kidole siku za mwanzo. Unapokabidhi, sema kwa heshima: "Bibi, hii ni ya mama peke yake." Umelinda mtoto na hujamvunjia mtu adabu.

Asali niliyopewa imeganda chini kama sukari. Nimepewa feki?

Si lazima. Asali halisi huganda. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Tafadhali usimpigie simu aliyekupa kumuuliza kama alitapeliwa.

Kuna asali nyembamba, chachu kidogo, bei kubwa. Ni ya kumpa nani?

Hiyo ni ya nyuki wadogo, wasiouma. Mpe mzee au mgonjwa, kwenye chupa ndogo. Anayejua atafahamu ulichofanya.

## Pesa

Pesa taslimu inahesabika kuwa zawadi, au ni dharau?

Inahesabika, lakini ipewe jina. Usimkabidhi babu noti tupu kama unamlipa kibarua. Ni "hela ya tumbaku". Kwa bibi ni "ya sukari", kwa mama mdogo "ya sabuni", kwa kijana "ya vocha", kwa mgeni anayeondoka "nauli" hata kama ana gari. Kila mtu anajua si lazima itumike hivyo. Jina ndilo linaloiosha pesa.

Iwe imekunjwa, iingie kiganjani wakati wa kuagana, na mpokeaji asiihesabu mbele yako. Mtoto usimpe noti bila mzazi kuona. Ukishampa, mwache mama yake amuulize, "Umesemaje?" mpaka aseme asante. Usimwokoe kwa kusema "haina shida." Hapo analelewa.

Nikituma kwa simu?

Weka na ya kutolea. Ukimtumia mzee 20,000 kamili, zitakapofika mkononi si 20,000 tena, na huenda wakala yuko mbali. Halafu piga simu kabla au baada. Ujumbe wa mtandao wa simu hauna salamu.

Nimeletewa kadi ya mchango wa harusi na sina uwezo. Nakataaje?

Kupokea kadi si kukubali kiwango kilichoandikwa. Kosa ni kukaa kimya. Siku hiyohiyo au kesho yake mwambie aliyekuletea: "Nimeipokea kwa furaha, nitakuwa na elfu ishirini, msinihesabie zaidi." Kamati inafurahi kupata 20,000 ya uhakika kuliko 100,000 ya matumaini, kwa sababu ahadi yako imeshanunua viti na kreti za soda kwenye daftari. Ukiwa umeahidi ukakwama, mwone mweka hazina kabla ya kikao cha mwisho. Usimwone baada ya harusi.

Aliyetoa mchango anaweza kuingia ukumbini mikono mitupu bila aibu. Kutunza maharusi wakicheza ni hiari. Badilisha noti ziwe ndogo ndogo, ucheze nazo, urudi kukaa. Sisi Wanyamwezi tunapenda kucheza kuliko kutoa, nakiri.

Na rambirambi?

Rambirambi inaandikwa. Kuna daftari, kuna mtu wa kuandika, na jina lako na kiasi vinaweza kusomwa hadharani. Usione haya kwa kidogo. Daftari hilo familia hulitunza ili wajue nao waende kwa nani siku yake ikifika. Unga, maharage na kuni vinaandikwa pia. Kuchota maji na kulala msibani haviandikwi, lakini vinakumbukwa kuliko pesa. Waislamu wa Ujiji utawasikia wakisema ubani, na maana ni ileile.

Jambo moja tu la kukazia: rambirambi haikataliwi. Hata ikitoka kwa mtu mliyegombana naye mpaka kwa mtendaji wa kijiji, ipokee, iandikwe. Ugomvi mtaukuta palepale baada ya arobaini kama bado mnautaka.

Watani wamechukua viatu vyangu msibani, wanataka hela. Hiyo nayo ni zawadi?

Ni utani, na bei yake ni ndogo. Toa shilingi mia tano, lalamika kidogo ili wafurahi, chukua viatu vyako. Ukikasirika umepoteza. Ukitoa noti ya elfu kumi umepoteza zaidi, maana watarudi kuchukua na kofia.

## Wakwe, kanga na sikukuu

Naenda ukweni mara ya kwanza. Nipeleke nini?

Hapa sizungumzii mahari. Mahari ina wasemaji wake na wewe hukai kwenye kikao hicho. Nazungumzia ziara ya salamu. Kitenge au kanga kwa mama, kitu cha baba, sukari na mchele kwa nyumba nzima, pipi au biskuti kwa watoto. Muulize mwenzi wako nyumba ina watu wangapi. Bibi aliyesahauliwa chumba cha uani amevunja heshima za wakwe wengi.

Ipo miji ambayo mkwe wa kiume hamkabidhi mama mkwe mkono kwa mkono. Anampa shemeji mdogo apeleke. Ukiwa huna uhakika, fanya hivyo. Hakuna atakayekulaumu kwa heshima iliyozidi. Nguo za ndani, mafuta ya kupaka na manukato visikaribie ukweni kabisa.

Kanga yoyote inafaa?

Isome. Kila siku namwona mwanaume ananunua kanga kwa kuangalia ua. Kanga ina maneno, na atakayeivaa atasomwa na soko zima. "Wema hauozi" kwa mama mkwe, vizuri sana. Lakini "Mla nawe hafi nawe" kwa mama aliyekulisha jana? Utaelezwa maana yake na wifi zako mpaka uchoke. Kama husomi vizuri au una haraka, nunua kitenge. Vinaingia vizuri kutoka Kongo kwa upande huu wa ziwa, na kitenge hakisemi kitu. Kanga inatolewa doti nzima. Usiikate ukampa huyu upande na yule upande, labda ni mapacha.

Na kabla ya kumpa mzee shati jekundu au la kijani na njano, uliza kwanza ni Simba au Yanga. Nimeona shati zuri likigeuzwa tambara la kufutia baiskeli.

Ramadhani na Krismasi, majirani wa dini nyingine?

Huku sahani zinavuka ua bila kuuliza dini. Ramadhani ukiwa Mkristo unaweza kupeleka tende, sukari, au muhogo wa futari, na upeleke kabla ya magharibi, usimletee mtu aliyefunga saa sita mchana akabaki ananusa. Kuku au nyama kwa jirani Mwislamu peleka mzima au uhakikishe nani amechinja. Siku ya Idi watoto watakuja kuomba mkono wa Idi. Weka sarafu tayari, maana wanaambizana.

## Kupokea na kurudisha

Nimepewa kitu kikubwa kuliko uwezo wangu. Nirudishe cha thamani hiyo?

Hapana, na usijaribu mwezi huohuo. Rudi kwenye swali la bakuli. Kikubwa hurudishwa kwa miaka, tena kwa vipande: utakuwepo kwenye msiba wake, utampokea mwanawe anayekuja kusoma, utampelekea embe za msimu.

Nimepewa kuku hai, na kesho napanda basi.

Swali la kila wiki. Kuku wa mgeni hakataliwi, kwa sababu mara nyingi ndiye aliyebaki, na ametolewa ukiwa umeshaonekana mtu. Mpokee, mshike mwenyewe, miguu yake ikiwa imefungwa, shukuru. Baadaye, ukiwa na mama wa nyumba peke yenu, sema: "Mama, huyu ni wangu, lakini nifugieni. Akitaga vifaranga ni vya watoto, nami nitakuja kumwangalia." Umepokea, hujasafiri naye, na umeacha sababu ya kurudi. Nina kuku wa namna hiyo Kasulu tangu kabla mwanangu wa pili hajazaliwa. Bila shaka ameshaliwa mara nne, lakini bado yupo.

Naweza kumpa mtu mwingine kitu nilichopewa?

Chakula, gawa, na umtaje aliyekupa. Nguo na vyombo, la, angalau si ndani ya mtaa uleule. Kitenge kinatambulika kutoka mbali.

## Kukataa

Nimekaribishwa chakula na nimeshiba kweli.

"Nimeshiba" haitoshi, kila mgeni husema hivyo. Nawa mikono, onja matonge mawili, msifu mpishi, uache. Kama kuna kitu huli kwa afya, dini au mzio, kiseme mapema unapokaribishwa. Usikiseme chungu kikiwa kimeshaipuliwa. Maneno "daktari amenikataza" yanaheshimiwa hata na mabibi wakali. Aliyefunga hasumbuliwi. Atafungiwa chake aende nacho.

Kuna mwanaume ananiletea vitu dukani, leo soda, kesho simu. Simtaki. Nifanyeje?

Rudisha mapema, kikiwa bado kidogo. Soda imeshanyweka, iache. Simu irudi ikiwa kwenye boksi lake, mchana kweupe, mbele ya mtu mmoja unayemwamini, shangazi au rafiki aliyeolewa. Sema: "Nashukuru, lakini siwezi kuipokea, kwa sababu jibu unalolitaka sina." Usitafute sababu ndefu. Sababu ndefu ni mlango. Akikataa kuichukua, mpe shangazi aipeleke kwa dada wa huyo mwanaume. Huyu ni mtu pekee ambaye chombo chake kirudi haraka, na kirudi kitupu.

Mimi ni nesi. Mgonjwa aliyepona ameniletea kapu la embe. Nipokee?

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ipo, na TAKUKURU wapo. Kipimo changu cha kaunta ni maswali matatu. Kimekuja kabla ya huduma au baada? Kimekuja mezani au nyuma ya pazia? Kinaweza kuliwa na wote? Embe zilizoletwa baada ya mtu kupona, zikawekwa kwenye chumba cha manesi zikaliwa na zamu nzima pamoja na mfagiaji, hizo ni shukrani. Bahasha iliyotangulia foleni si zawadi hata ikifungwa utepe. Pamoja na hayo, uliza mwongozo wa kazini kwako, maana ndio utakaokulinda ukiitwa. Mwalimu anayeletewa kuku wiki ya mitihani naye ajipime hapahapa. Kwa kiongozi wa umma kuna pia Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, yenye masharti yake juu ya zawadi.

Nafanya kazi na shirika kambini Nyarugusu. Mama mmoja mkimbizi amenifumia kitambaa.

Hili gumu. Mashirika mengi yanawakataza watumishi wao kupokea, na yana sababu: wewe ndiye mwenye orodha. Lakini kumrudishia mama kitambaa alichokifuma kwa mikono yake ni kumwambia hana cha kutoa. Mweleze msimamizi wako siku hiyohiyo, na kama inaruhusiwa, kitandikwe ofisini pale mama atakapokiona. Kama hairuhusiwi, mweleze mwenyewe, umekaa chini naye, kwamba kazi yako inakukataza, yeye hajakosea. Usimtume mlinzi.

Mgombea amegawa kanga na chumvi. Nikichukua nimejifunga?

Kulikuwa na neno takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikairuhusu kama ukarimu wa kawaida, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinapingana na Katiba. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ni mila. Kura ni siri na hakuna anayeweza kukudai. Lakini mimi sichukui. Kanga ya mgombea ina maneno makubwa kuliko zote.

Shemeji ameniletea nyamapori, anasema amepewa na rafiki.

Muulize kibali kiko wapi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukutwa nayo bila kibali ni kosa lako, hata kama hukuwinda wewe. "Nilipewa" haitakutoa. Kataa kabla haijaingia jikoni, na usiombe radhi sana.

Nilituma dagaa Dar kwa basi. Mwezi umepita, ndugu yangu hajasema hata asante. Nimuulize?

Ulizia mzigo. Ya shukrani yaache. "Kaka, boksi lilifika salama?" Mara nyingi tatizo ni kondakta, au namba ya simu juu ya boksi imefutika kwa mafuta. Andika namba pande mbili, kwa kalamu nzito. Likiwa limefika na mtu amenyamaza, nawe nyamaza, usimtumie tena mpaka upande wa pili utikisike. Binamu yangu alikaa kimya miezi minne. Siku moja nikapigiwa simu kutoka stendi niende kuchukua mzigo. Lilikuwa boksi langu lilelile, na jina langu mwenyewe limekatwa mstari na kuandikwa upya, na ndani lilijaa nazi.